Bunia: Wanasoma tabia ya mnunuzi, lakini mnunuzi wa kambini hawamhesabu

Kila mwaka vyuo vya juu vya Bunia hutoa vijana waliosomea uchumi, biashara na usimamizi. Katika masomo yao lipo moja linaloitwa kwa Kifaransa «comportement du consommateur», yaani tabia ya mnunuzi. Somo hilo linauliza maswali mazuri. Kwa nini mtu anunue hiki na kuacha kile? Kwa nini leo, si kesho? Anamsikiliza nani kabla ya kufungua kitambaa alichofungia pesa yake?

Mjini Bunia hayo ni maswali ya sufuria, si ya darasani tu. Tangu Desemba 2017, mauaji yalipoanza tena Djugu, na baadaye Irumu na Mahagi nazo zikaguswa, familia nyingi mno zimekimbilia mjini na kandokando yake. Watu waliokula mihogo, maharagwe na mahindi ya shamba lao wamegeuka kuwa wanunuzi wa kila kitu: unga, chumvi, mboga, makala, sabuni. Mama aliyekuwa akiuza chakula Fataki au Drodro, leo anasimama mbele ya meza ya mwingine na kuomba kopo moja la unga. Hakuna badiliko kubwa kuliko hilo katika ununuzi wa watu wa Ituri kwa miaka hii.

Badiliko hilo ndilo linalorukwa na wale wanaosema wanasomea tabia ya mnunuzi. Hapo ndipo lawama ilipo.

Somo linalosimama nyuma ya meza ya muuzaji

Anayefuatilia kazi za mwisho wa masomo katika fani hii, Bunia na kwingine nchini Kongo, anazijua mada zake hata kabla ya kufungua kurasa. Athari ya matangazo katika uuzaji wa bia. Kuridhika kwa wateja wa kampuni ya simu. Uaminifu wa wateja wa benki. Si mada mbaya. Lakini swali lililo chini yake ni lile lile: muuzaji afanye nini ili mtu anunue zaidi? Mara chache sana swali hugeuzwa: mnunuzi afanye nini asipunjwe?

Sababu yake ina historia. Maketingi kama fani ilikua zaidi Marekani, katika nchi yenye viwanda vilivyotafuta wanunuzi wa mali nyingi vilivyotoa. Kitabu cha Philip Kotler kilichotoka 1967 kilienea duniani, na tafsiri yake ya Kifaransa ikawa nguzo ya wanafunzi wengi wa nchi zinazosoma kwa Kifaransa. Ni kitabu cha mtu mwenye duka lililojaa, anayetafuta mteja. Bunia ina tatizo la kinyume: wanunuzi wamejaa, mifuko yao ni mitupu, na njia zinazoleta mali zinafungwa na bunduki mara kwa mara.

Kisha mwanafunzi anatoka na karatasi zake za maswali. Anamtafuta nani? Anamtafuta «mteja»: mtu anayetoka dukani, anayesoma Kifaransa, anayeweza kuweka alama kwenye kisanduku. Mama wa Kigonze hayumo. Familia zilizokaa katika kambi iliyopewa jina la ISP, kwa kuwa ilikuwa jirani na chuo chenyewe, hazimo. Kwa lugha ya mashirika ya msaada watu hao wanaitwa «wafaidika», na jina hilo limewafuta. Mfaidika hupokea tu. Haulizwi angechagua nini, wala nani amempunja.

Lakini wafaidika hao ndio wanunuzi. Asubuhi wanabeba mchanga, wanafua nguo za watu, wanalima vibarua, wanapasua kuni. Jioni franka zile zile zinaingia Soko Kuu, Mudzipela na Lembabo. Wakitoweka wiki moja, wauzaji wadogo wa mji wangejua mara moja ni nani aliyekuwa akiwaweka hai.

Piramidi haikuota Ituri

Kila mwanafunzi wa somo hili huchora piramidi ya Maslow. Chini kabisa chakula na maji, juu yake usalama, kisha upendo na undugu, kisha heshima, na kileleni mtu kutimiza ndoto yake. Anajibu mtihani kwamba mwenye njaa hafikirii heshima mpaka ashibe. Abraham Maslow mwenyewe hakuchora piramidi yoyote katika makala yake ya 1943, na alikiri humo kwamba mpangilio wake haufanani kwa watu wote. Piramidi ilichorwa na waliokuja baadaye, nayo ikawa ngumu kuliko mawazo ya mwenyewe.

Atakayekwenda kambini na macho wazi ataona mambo yanayoivuruga piramidi hiyo. Atamkuta mama ambaye hakula mchana lakini ametoa franka zake kwa matanga ya jirani. Mwanafunzi aliyekariri atasema huyo hajui kupanga. Lakini asiyechanga kwenye kilio cha mwenzake, siku yake ya kilio atalia peke yake, na katika hema hakuna bima nyingine isipokuwa majirani. Atamkuta baba anayenunua unite za simu kabla ya mboga. Mwanafunzi ataandika «anasa». Lakini simu ile ndiyo inayomwambia kama kijijini kumetulia, kama mtu anaweza kwenda kuchimba mihogo na kurudi mzima. Unite hizo ni chakula cha wiki ijayo, na pengine ni roho ya mtu. Atamkuta mzazi anayekopa ili mtoto avae sare, kwa sababu mtoto asiye na sare huchekwa, na anayechekwa huacha shule.

Hayo yote ni tabia ya mnunuzi, na yana mantiki. Anayeyaita ujinga hajauliza.

«Wanauza chakula, basi wameshiba»

Kuna neno linalotembea mjini Bunia na linafanya ubaya mkubwa. Msaada ukigawiwa, baadhi ya mafuta, maharagwe au mahindi yanaonekana sokoni siku hiyo hiyo. Basi watu husema: tazama, wakimbizi wanauza chakula, kumbe hawana njaa. Neno hilo hupanda kutoka kijiweni hadi ofisini, na linaweza kusaidia kukata fungu la mtu.

Kama kuna swali moja lililoumbwa kwa ajili ya wasomi wa tabia ya mnunuzi, ni hili. Hesabu yake si ngumu. Mahindi makavu hayaliwi makavu. Yanahitaji kinu, na kinu kinataka pesa. Unga unahitaji moto, na makala au kuni zinataka pesa. Fufu inahitaji mboga na chumvi. Mtoto ana homa, dawa inataka pesa. Mwili unataka sabuni. Msaada ukija kama mahindi matupu, familia haina namna ila kuuza sehemu ili iweze kula sehemu. Anayeuza mafuta kidogo ili alipe kinu anakipika chakula chake kwa njia pekee aliyoachiwa. Hajashiba.

Wasomi wa nchi nyingine walikwisha kuona mambo kama haya kwa kukaa na familia maskini na kuandika kila senti. Katika miaka ya 1850, Ducpétiaux alikusanya hesabu za nyumbani za familia za wafanyakazi nchini Ubelgiji. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel akazitumia kuonyesha kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa ya pesa yake inavyoishia katika chakula. Kanuni hiyo ingali inafundishwa hadi leo. Wanafunzi wa Bunia wanaikariri. Wachache wanajua kwamba ilitoka katika daftari za nyumba za vibarua wa nchi ile ile iliyokuja kuitawala Kongo. Kama hesabu za kibarua wa Ubelgiji zilistahili kuwa sayansi, hesabu za kibarua wa Kigonze zina upungufu gani?

Karibu zaidi na siku zetu, Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha mwaka 2008 utafiti walioufanya Hunan, China. Walizipa familia maskini za mjini punguzo la bei ya mchele. Mtu angetarajia zinunue mchele mwingi zaidi. Kinyume chake, zilipunguza mchele na kuongeza kitoweo, kwa kuwa sasa zilibakiwa na pesa kidogo. Punguzo lilipoondolewa, zikarudi kwenye mchele. Maana yake ni kwamba kwa mtu maskini sana, chakula cha kushibisha kikipanda bei anaweza kukinunua zaidi, si kidogo, kwa sababu hana tena uwezo wa kununua kingine. Anayetazama kutoka mbali ataona unga unanunuliwa sana sokoni na kusema hali ni nzuri. Huenda ndiyo dalili kwamba samaki na maharagwe vimewatoka watu mikononi.

Je, ndivyo ilivyo Bunia pale njia ya taifa namba 27 ya kwenda Mahagi inapofungwa, au samaki wa Tchomia na Kasenyi wanapokosa kufika? Swali hilo lingejibiwa na mwanafunzi mwenye daftari, kalamu na miezi mitatu. Lina uzito kuliko kazi nyingine kumi juu ya matangazo ya bia.

Kopo, fungu na kipande cha sabuni

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sokoni mambo huenda vingine: anayenunua haba na haba humlipia kibaba ghali kuliko mwenye pesa ya gunia.

Chukua mfano wa hesabu tu, si bei za leo. Mche wa sabuni ni franka 2.000. Ukikatwa vipande 10 na kila kipande kikauzwa franka 300, aliyenunua vipande vyote kumi kimoja kimoja amelipa franka 3.000. Amelipa nusu ya bei zaidi kwa sabuni ile ile. Ndivyo ilivyo kwa mafuta ya kijiko, sukari ya sasheti ndogo, makala ya fungu, chumvi ya kifuko. Mwenye mshahara hununua gunia mwanzoni mwa mwezi. Kibarua analipwa kwa siku, ananunua kwa siku, na kila siku anaacha sehemu ya jasho lake katika tofauti hiyo.

Jambo hili lilichunguzwa mjini New York na David Caplovitz, aliyetoa mwaka 1963 kitabu juu ya familia za kipato kidogo na manunuzi yao. Jina la kitabu lenyewe linasema maskini hulipa zaidi. Alionyesha jinsi familia hizo zilivyouziwa samani na vyombo vya nyumbani kwa bei ya juu na kwa mkopo wa kunyonya, kwa kuwa maduka ya mbali hayakuwakopesha na maduka ya karibu yaliwajua shida yao. Kitabu hicho kilikuwa somo la tabia ya mnunuzi, lakini mwandishi wake alisimama upande wa mnunuzi.

Bunia kuna jambo jingine juu ya hilo: kipimo chenyewe. Kopo lililobonyezwa chini, glasi yenye kitako kinene, fungu linaloonekana kubwa kwa sababu limepangwa juu ya majani. Nani amewahi kupima kopo za masoko ya Bunia kwenye mizani, soko kwa soko, na kutangaza matokeo? Mizani moja na siku chache za kazi zingetosha. Na hapa mama muuzaji asifanywe adui. Mara nyingi naye ni mkimbizi, naye amechukua mali kwa deni, naye analipa kodi ya meza na bado anarudi nyumbani na faida ya kununua mboga tu. Utafiti wa kweli ungepanda ngazi yote, kutoka kopo hadi gunia, hadi lori, hadi vizuizi vya barabarani, na kuonyesha pesa inabaki wapi.

Sheria ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani imeacha bei nyingi ziamuliwe na soko, isipokuwa vitu vichache kama maji, umeme na mafuta ya gari. Basi ikiwa bei ni huru, mlinzi wa mnunuzi ni ujuzi wake. Soko huru ambalo muuzaji mkubwa anajua bei za Aru, Mahagi na Beni, na mnunuzi hajui hata bei ya kartie ya pili, lina uhuru wa upande mmoja.

Wanaolitetea somo lilivyo

Walimu wana majibu yao, na yanastahili kusikilizwa. Watasema mwanafunzi lazima ajue misingi kabla ya kuikosoa. Ni kweli. Asome Kotler, asome Maslow. Lakini msingi hujengewa nyumba. Mwanafunzi anayemaliza na misingi peke yake amebaki na shimo.

Watasema wanafunzi hawana pesa ya utafiti, na wengi wao wenyewe ni watoto wa familia zilizokimbia, wanaohangaika na ada. Ni kweli pia. Lakini Kigonze imo ndani ya mji, na masoko ni ya kwenda kwa miguu. Na mwanafunzi aliyetoka katika familia iliyokimbia ana kitu ambacho profesa wa Ulaya hana: anajua lugha, anajua aibu ya kukopa, anajua maswali yasiyoulizwa mbele ya watu. Chuo kingempa alama kwa ujuzi huo badala ya kumfundisha kuuficha.

Watasema usalama haupo, na mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Hakuna anayeomba kijana apelekwe mahali pa risasi. Lakini hofu nayo ni sehemu ya somo. Katika Ituri mtu huchagua soko kwa bei, na pia kwa njia atakayopita, kwa saa atakayorudi, na kwa kujua nani atakuwa upande wa pili wa meza. Jamii zilizogombana zikianza tena kuuziana maharagwe, hiyo ni habari kubwa kuliko mikutano mingi ya amani. Mwanafunzi anayeweza kuhesabu hilo atakuwa amepima amani kwa kipimo cha kweli.

Jibu zito zaidi linatoka kambini kwenyewe. Watu wamechoka kuulizwa. Mashirika yanakuja na simu na orodha, yanauliza idadi ya watoto na idadi ya milo, yanakwenda. Kwa nini mwanafunzi naye aongezwe? Wana haki. Mtu aliyejibu maswali ishirini juu ya njaa yake na hakusikia jibu lolote amechukuliwa mali. Kazi ya mwanafunzi iliyoandikwa kwa Kifaransa, ikatetewa mbele ya walimu watatu, ikapewa alama na kulazwa kabatini, imemchukulia mama wa kambini saa nzima ya kibarua na haikumrudishia kitu.

Deni linalopaswa kulipwa

Kwa hiyo madai yanayoelekezwa kwa vyuo vya Bunia ni machache na hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kazi yoyote juu ya wanunuzi wa mji huu iwahesabu wanunuzi wa kambini na wale waliokaa kwa ndugu mjini. Isiyowahesabu isiitwe utafiti juu ya wanunuzi wa Bunia. Iitwe utafiti juu ya wanunuzi wanaosoma Kifaransa, na watu wajue.

Pili, karatasi ya maswali iache visanduku na ichukue daftari la matumizi ya siku, wiki kwa wiki, kwa Kiswahili au kwa Kilendu, Kihema, Kialur, Kibira, kwa lugha ambayo mtu anahesabia pesa zake kichwani. Anayetoa saa yake ya kazi alipwe au asaidiwe kazi yake.

Tatu, kila darasa lipime. Kopo kwa kopo, fungu kwa fungu, bei ya kabla ya mgao wa msaada na bei ya siku ya mgao. Ikiwa bei hupanda pesa za msaada zinapoingia kambini, watu waonyeshwe kwa tarakimu. Ikiwa hazipandi, uvumi huo nao ufe.

Nne, na hili ndilo la lazima, matokeo yarudi kwa waliojibu. Bunia ina njia yake tayari. Redio Candip ilianzishwa na ISP Bunia kama kituo cha kufikisha elimu kwa wananchi. Wazo lilikuwa rahisi: chuo kinachokaa katikati ya wakulima kina deni kwao. Wazo hilo halijazeeka. Mwanafunzi asipewe alama ya mwisho kabla hajasimama mbele ya kamati ya kambi, au mbele ya kipaza sauti cha redio, akaeleza kwa Kiswahili alichokikuta na kuulizwa maswali na akina mama.

Utetezi wa namna hiyo utakuwa mgumu kuliko ule wa mbele ya walimu. Mwalimu akisikia «uwezo wa kununua wa kaya» atatikisa kichwa na kuandika alama. Mama wa kambini atauliza: basi kopo la nani ni dogo, soko gani ni nafuu, na kwa nini makala yalipanda wiki ile? Aliyesomea tabia ya mnunuzi miaka mitatu na hawezi kumjibu, bado hajaisoma.

Na familia za kambini nazo zina haki ya kuanza kudai. Kijana akija na karatasi zake, aulizwe kwanza: majibu haya utayaleta lini, na utayasomea wapi? Akikosa jibu, arudi kwa profesa wake kulitafuta.